Binti kwa Miezi Minne

Wifi yangu Nyanchera aliolewa kwetu kutoka Magwagwa mwaka wa 1969, na kwa miaka miwili baba yangu hakumtazama usoni. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu Kisii tuna kitu kinachoitwa chinsoni, yaani ile aibu ya heshima, na wanaobanwa nayo kuliko wote ni baba mkwe na mke wa mwanawe. Baba hakuingia nyumba ya kaka yangu Abner hata mvua ikimnyeshea mlangoni. Nyanchera hakukalia kiti ambacho baba alikuwa amekikalia. Wakikutana njiani, mmoja alitakiwa kujitosa kwenye majani chai mpaka mwenzake apite. Kwa kuwa wote wawili walijaa adabu, mara nyingi walijitosa wote, kila mtu upande wake, na njia ikabaki tupu.

Baba akiwa na neno la kumwambia, alilitangazia ua. "Kuna mtu ambaye ndama wake ameingia kwenye mahindi," alisema akiwa ameikabili migomba, na Nyanchera akatoka mbio kumtoa ndama.

Jina la baba lilikuwa Onchiri, na alikuwa na bucha Keroka, kando ya barabara iendayo Kericho. Alikuwa Msabato wa kweli, si wa kujaza benchi. Ijumaa jua likianza kuinama tayari gogo la kukatia nyama lilikuwa limesuguliwa kwa chumvi na mlango umefungwa, hata kama mteja alikuwa amesimama nje na ana wageni nyumbani. Damu hakuuza kwa sababu Biblia imekataza kuila. Aliimwaga, na Wakatoliki wa Keroka, ambao walijua kuipika vizuri na vitunguu, walimwona kama mtu anayemwaga chakula cha watu. Maneno hakuwa nayo mengi. Mimi Bitutu ni kitindamimba wake, nimekula na kulala kwake zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki aliwahi kuniuliza swali ambalo halikuhusu ng'ombe.

Nyanchera yeye alikuwa mrefu, mwenye kicheko kinachosikika hadi mtoni, na hakuwahi kuwa na baba. Wa kwake alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliniambia mara moja, tukichuma chai, kwamba alipokuwa mdogo alidhani baba ni kitu ambacho familia zingine hununua. Nilicheka. Wakati huo sikumpenda sana, kwa sababu alichuma haraka kuliko mimi na mama alilisema hilo mbele ya watu.

Mwezi wa tano mwaka wa 1971 alijifungua binti kwenye zahanati ya Keroka. Mtoto alitoka salama akaitwa Bonareri, jina la marehemu bibi yetu. Damu ya mama yake ikaanza kutoka na haikukoma. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, watu wako kanisani, na gari pekee lililopatikana lilikuwa la mkate. Tulimlaza kati ya trei, mimi nimeshika miguu yake juu kama nilivyoambiwa, Abner ameshika mtoto vibaya, na tukafika hospitali ya Kisii mjini tukinukia mikate.

Kwenye maabara kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Eliakim Ouko, Mjaluo wa kutoka upande wa ziwa, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitueleza kwamba mgonjwa ni kundi la O, na mtu wa O hupokea O tu. Chupa ya O iliyokuwa kwenye friji ilikuwa moja, na ilikuwa imeshaanza kuingia mwilini mwake. Ilihitajika nyingine, tena upesi. Akampima Abner akakuta A. Akanipima mimi, A vilevile, tumemfuata mama. Ndugu yetu Cleophas, aliyekuwa amekuja mjini na shughuli zake, alipoona sindano alisema anakwenda kufunga baiskeli yake vizuri, na hatukumwona tena mpaka Jumatatu. Ndugu za Nyanchera walikuwa Magwagwa, ng'ambo ya vilima, na njia zote zilikuwa matope.

Gari la mkate lilirudi Keroka likamtoa baba kanisani katikati ya hubiri. Alikuja na koti lake la Sabato na Biblia kwapani. Eliakim akampima, akainua kichwa.

"Mzee, wewe ni O," akasema kwa Kiswahili. "Yako inaweza kuingia."

Baba alisimama akaitazama sakafu. Nilijua anawaza nini. Yeye asiyethubutu kuingia nyumbani kwa mke wa mwanawe, sasa damu yake iingie mwilini mwa mke huyo.

"Ataniona?" akauliza.

"Hawezi kukuona. Amezimia."

"Basi toa. Haraka."

Alilala kwenye kitanda cha maabara akitazama dari, na chupa ikajaa. Eliakim, ili kumtuliza, akamweleza kwamba damu hii ina chembe nyekundu za kubeba hewa, na mgonjwa sasa anakosa hewa ingawa anapumua. Baba akajibu kwamba damu anaijua, ameiona miaka mingi, ukiiacha kwenye karai inaganda kama ini na maji ya manjano yanajitenga juu. Ni mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akifanya na mgeni. Kisha akainuka, akauliza wodi ya wanawake iko upande gani, akaambiwa kushoto, akatokea kulia.

Nyanchera alifumbua macho jioni. Midomo yake iliyokuwa imepauka kama unga ilianza kurudi rangi. Nililia kwa sauti, na muuguzi akanitoa nje.

Alipoambiwa damu imetoka kwa nani, alijifunika shuka usoni. Lakini aliishi, na aliporudi nyumbani tulidhani jambo limekwisha. Hatukuwa tumemhesabu Mzee Mogire.

Mogire alikuwa binamu mkubwa wa baba na mzee wa ukoo wetu. Alisali siku ya Jumamosi na kukumbuka mila siku zile nyingine zote. Alikuja kumpongeza mzazi, akanywa uji, akamsifu mtoto, kisha akaweka kibuyu chini na kuuliza swali moja. Kama damu ya Onchiri inatembea ndani ya huyu mwanamke, huyu mwanamke ni nani wa Onchiri?

Mogire akajijibu mwenyewe. Mwenye damu ya mtu ni mtoto wake. Basi huyu ni binti wa Onchiri. Abner ni mwana wa Onchiri. Na tangu lini katika Kisii yote mtu analala na dada yake?

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Sisi hatukucheka. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake hata kama undugu ni wa babu wa babu, sembuse ndani ya boma moja. Mogire alisema ndoa imekufa, si kwa ubaya, imekufa tu kama mzee anavyokufa. Nyanchera arudi kwao Magwagwa, ng'ombe wa mahari warudishwe, na mtoto abaki kwetu kwa sababu alizaliwa kabla ya damu kuingia. Aliyasema hayo kwa upole mkubwa akimtazama Bonareri akinyonya. Nilitamani kummwagia ule uji.

Abner akaenda kwa mchungaji. Mchungaji alifungua vitabu akasema Biblia inakataza kula damu kwa mdomo, lakini kuhusu mkono imenyamaza, na kuhusu ukoo aulizwe Mogire. Akaomba apewe muda wa kusali. Bado anasali hadi leo, kwa kadiri ninavyojua.

Wakati huo Nyanchera alikaa ndani na mlango umefungwa. Maziwa yakaanza kumkauka. Aliniambia hataki chochote duniani ila kubaki na mtoto wake na mume wake na kile kibanda chake chenye moshi. Alisema bora wangemwacha afe kati ya mikate. Maneno hayo yalinichoma, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda, nikiwa nimechelewa. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti shuleni karibu na nyumbani, na nilichokumbuka kuhusu damu ni kwamba ni nyekundu. Nikapanda basi hadi Kisii, nikamweleza Eliakim Ouko yote. Alinisikiliza, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mwalimu," akasema, "hao wazee wanaweza kuangalia kitu kwa macho?"

"Wanaweza, kama hawajaambiwa waangalie nini."

Jumapili iliyofuata alishuka Keroka na kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na mashine ndogo ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, ambayo zamani ilitumiwa kwenye zahanati zisizo na stima. Aliifunga kwa skrubu kwenye ukingo wa meza yetu ya kulia. Wazee walikuwa wameketi kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Wanawake tuliketi nyuma, karibu na mlango, mahali petu. Eliakim alisema Kiswahili, mimi nikawa ninageuza kwa Kigusii, na wale waliojua Kiswahili walinisahihisha hata nilipokuwa sijakosea.

Alitoa kichupa chembamba cha kioo chenye damu aliyojitoa mwenyewe asubuhi, iliyotiwa dawa isigande. Akaeleza kwamba mashine inazunguka kwa kasi hadi kilicho kizito kinakwenda chini na chepesi kinabaki juu, na kwamba lazima pande zote mbili zilingane uzito, kwa hiyo upande wa pili ataweka kichupa cha maji.

"Hapana," akasema Mogire. "Damu ya Mjaluo itatuonyesha Wajaluo. Weka ya Mkisii."

Kila mtu akamwangalia yeye. Mogire hakutegemea hivyo. Lakini heshima ilikuwa imeshamshika kooni, akanyoosha mkono, akageuza uso ukutani, na Eliakim akavuta kiasi kilekile. Vichupa viwili vikawekwa kila kimoja kwenye kikombe chake cha chuma, Mjaluo huku, Mkisii kule, wakilingana uzito bila shida.

Abner alipewa mpini. Alikuwa fundi wa baiskeli na mkono wake ulizoea kazi, lakini siku hiyo alizungusha kama mtu anayevuta mke wake kutoka kisimani. Meza ilitetemeka, picha ya ukutani ikapinda, kuku wakakimbia. Eliakim alimwambia mara mbili apunguze.

Mashine iliposimama, damu zilikuwa zimejipanga. Chini kulikuwa na wekundu mzito. Juu, zaidi ya nusu, kulikuwa na maji ya manjano safi kama chai ya rangi iliyozidishiwa maji. Katikati, kati ya wekundu na manjano, utando mwembamba mweupe, mwembamba kiasi kwamba mzee mmoja alisema ni uchafu wa kioo.

Mogire alivishika vyote viwili akaviinua mwangani. Akauliza kipi ni cha Mjaluo. Eliakim, ambaye alikuwa amebandika plasta ndogo chini ya chake, akamwambia achague. Mogire aliangalia sana, akachagua, akakosea.

Mogire akarudisha vichupa mezani taratibu.

"Basi niambie, daktari," akasema kwa Kiswahili chake. "Ukoo iko wapi hapa?"

"Mzee, mimi si daktari. Na ukoo sijawahi kuona kwa maabara. Sisi hutafuta malaria. Lakini nitakuambia kila kitu hapa kinafanya kazi gani, halafu nyinyi wenyewe mtajua ukoo unakaa na nani."

Namsifu Ouko kwa jibu lile mpaka leo. Mtu mwingine angewaambia wazee ni wajinga, na Nyanchera angelala Magwagwa usiku uleule.

Alianza na maji ya manjano. Alisema hayo ndiyo yanayobeba vyote, chakula kutoka tumboni, chumvi, joto, dawa ukimeza, na taka zinazokwenda kutolewa kama mkojo. Mzee mmoja akasema ukoo unaweza kuwa humo, kwa sababu humo mna kila kitu. Mwingine akasema kama mkojo nao umo, yeye ukoo wake haumo. Maji yakakataliwa.

Akaenda kwenye ule utando. Alisema ndani yake mna chembe nyeupe, ambazo ni askari, ugonjwa ukiingia zinapigana nao, na usaha ni maiti za vita. Hapo Cleophas, yule wa kufunga baiskeli, akasimama akasema ukoo wetu ni wa wapiganaji tangu zamani na lazima uko na askari. Aliambiwa akae. Eliakim akasema askari wengi wa aina hiyo huishi siku chache tu, na Mogire akasema ukoo wa siku chache si ukoo.

Kwenye utando huohuo, akasema Eliakim, kuna vipande vidogo zaidi, kazi yake ni kukimbilia mahali palipopasuka na kuziba, ndiyo maana mtu akijikata damu hukoma. Navyo huishi kama wiki moja na kidogo.

"Ukoo uko hapo!" akasema Abner, kwa haraka.

Wazee wote wakamgeukia.

"Unaona hivyo kwa nini?" akauliza Mogire.

"Naona tu."

"Unaona wiki moja," akasema Mogire, na hata baba alikohoa kuficha kicheko.

Ukabaki wekundu. Eliakim akasema chembe nyekundu zina chuma ndani yake, na kwa hicho chuma zinashika hewa kwenye mapafu na kuipeleka hadi kwenye ukucha. Habari ya chuma iliwafurahisha wazee. Lakini aliyemaliza shauri hakuwa mzee hata mmoja. Ni mama yangu Orpah, ambaye hakuruhusiwa kusema, na aliyesema akiwa anatazama sufuria.

"Alipokuwa mweupe alikuwa amekwenda," akasema. "Ulipoingia wekundu, alirudi. Kama kuna Onchiri ndani yake, amekaa kwenye wekundu."

Mogire alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Ukoo ulikuwa kwenye wekundu. Ndipo nikaona machozi ya Nyanchera yakidondokea kichwa cha mtoto, kwa sababu wekundu ulikuwa mwingi sana kwenye kile kichupa.

"Na nyekundu inaishi siku ngapi?" akauliza Mogire.

"Miezi minne, mzee. Ile iliyozaliwa juzi ndiyo itakwisha mwisho. Ikizeeka inakwenda kwa wengu, inavunjwa huko."

"Ni kweli," akasema baba. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo, na watu waligeuka kuona ni nani amesema. "Wengu huwa umejaa damu nzee. Ukiukata unaona. Mimi huwapa mbwa."

"Na ikikwisha, anabaki bila damu?" Mogire akamuuliza Eliakim.

"Anatengeneza ingine. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwa uboho."

Mogire akainama mbele. "Mifupa ya nani?"

"Yake mwenyewe, mzee."

"Ya Magwagwa."

"Ya Magwagwa."

Wazee walitoka nje wakasimama karibu na zizi. Waliporudi, Mogire alitoa hukumu, na ninakiri ilikuwa na mantiki kuliko hukumu nyingi nilizosikia baadaye kortini. Nyanchera ni binti wa Onchiri mpaka damu ya Onchiri imwishe mwilini. Miezi minne. Katika muda huo haingii nyumba ya Abner, atalala kwa mama, na atatendewa kama binti wa boma katika kila jambo. Damu ikiisha, atakuwa mtu wa Magwagwa tena, na Abner anaweza kuwa na mke wake. Kondoo achinjwe wa kutakasa. Mchungaji, aliyekuwa amefika wakati wa chakula, akasema kondoo wa kutakasa hapana, lakini kondoo wa chakula cha mchana hana shida. Ikawa kondoo yuleyule.

Nyanchera alicheka kile kicheko chake cha kufika mtoni. Nami usiku huo nikagawana naye kitanda changu, na mtoto, na mikojo ya mtoto.

Sasa hakuna aliyefikiria maana ya kuwa binti katika kila jambo. Asubuhi ya kwanza mama alimpa kikombe cha chai ampelekee baba nje, kama binti anavyofanya. Alikwenda kinyumenyume kwa mazoea, uso umegeukia barabara, akawa anaikabidhi migomba ile chai. Baba naye alikuwa amegeukia upande mwingine. Walikaa hivyo. Kisha nikamsikia baba akisafisha koo.

"Mwanangu," akasema, "niko huku."

Nyanchera akageuka akamtazama. Nilikuwa dirishani. Alimnyooshea kikombe huku akimtazama yeye, si kikombe, chai ikamwagika nusu, na baba akanywa iliyobaki akasema ni nzuri. Haikuwa nzuri. Hatukuwa tumetia sukari.

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu ameondoa jiwe kwenye mfereji. Baba akaanza kusema. Alimwita kwa jina, Nyanchera hivi, Nyanchera vile, jina ambalo kwa miaka miwili halikuwahi kupita midomoni mwake. Walikwenda pamoja kituo cha kuuzia chai, baba na kikapu kimoja na Nyanchera na kingine, wakiongea njia nzima. Alimfundisha kumtazama ng'ombe kwa nyuma na kujua atatoa nyama kiasi gani. Alimpima mguu kwa uzi wa kufungia nyama, akaenda nao Keroka, akarudi na viatu vya raba vya buluu vilivyomkaa sawasawa. Jioni moja alimsimulia jinsi alivyoogopa radi alipokuwa mvulana, akawa anajificha chini ya kitanda, kati ya mbuzi. Mimi mwanawe wa kumzaa sikujua baba anaogopa kitu chochote. Niliona wivu, tena si kidogo.

Nyanchera alimwita tata, yaani baba, kama sisi. Mwanzoni alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha dukani. Kufikia mwezi wa pili wa ile minne alikuwa akilisema hata pasipohitajika. "Tata, naenda mtoni." "Tata, nimerudi." "Tata, mvua itanyesha." Baba alijibu kila mara.

Abner alijipikia. Alikuwa akipita mbele ya nyumba ya mama na chungu kilichoungua, kwa makusudi, ili aonekane. Nyanchera alimhurumia na alitamani kuwa naye, naye alisema hivyo wazi. Usiku nilimsikia akigeukageuka. Lakini mwezi wa mwisho wa ile minne ulipoanza, niliona kitu kingine. Alianza kuamka mapema sana ili awahi chai ya baba, na akiiwahi alikaa.

Mwezi wa tisa Mogire alikuja, wazee nyuma yake, akatangaza kwamba damu imekwisha. Walisali. Nyanchera alihamia nyumba yake, hatua chache tu ng'ambo ya ua, akiwa amebeba mtoto na godoro, na Abner alikuwa amefagia mpaka vumbi likaisha. Watu walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, na nilifurahi kupata kitanda changu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa natoka kwenda shuleni. Nyanchera alikuwa mbele yangu njiani na mtungi wa maji, na baba alikuwa akija na ng'ombe. Nilimwona baba akimwona. Nyanchera alifungua mdomo. Baba akajitosa kwenye majani chai hadi kiunoni, akageuza mgongo, akakohoa kile kikohozi cha adabu kinachomaanisha pita. Alifanya kama inavyotakiwa. Hakukosea hata kidogo. Nyanchera alibaki amesimama katikati ya njia na hakuweza kupita, mpaka nikamshika mkono nikampitisha.

Siku chache baadaye aliniomba nimsindikize Kisii, akasema ana kizunguzungu. Eliakim Ouko alifurahi kumwona. Alimtoboa kidole, akagusisha tone kwenye karatasi ya kunyonya, akalinganisha rangi.

"Mama, damu yako ni nzuri kuliko yangu," akasema.

"Hiyo ni yangu," akasema Nyanchera. "Naomba ile ingine."

"Gani?"

"Ya baba. Hata nusu chupa."

Eliakim aliniangalia. Mimi nilikuwa naangalia kalamu zake. Alimweleza polepole kwamba mtu mwenye damu ya kutosha hapewi nyingine, ni hatari, na tena hairuhusiwi. Nyanchera alisikiliza yote kwa makini.

"Na nikizaa tena, damu itoke kama siku ile, mtaita nani?"

"Mtu yeyote wa O."

"Msimwite yeyote," akasema. "Mwiteni yeye."

Tulirudi nyumbani kwa basi. Nilitaka kumwambia kitu, lakini kilichonijaa kifuani kilikuwa kikubwa na shule haikunifundisha kukisema.

Alizaa tena mwaka wa 1973, na 1975, na 1978, mara zote hospitalini, kwa sababu Abner hakutaka mchezo. Mara zote alijifungua salama, damu kidogo ya kawaida tu, na watu wakamshukuru Mungu. Na kila mara, kabla mtu yeyote hajatumwa Keroka, baba alikuwa ameshafika. Alikuwa amefunga bucha siku ya kazi, ameketi kwenye benchi la nje, mkono wa shati umekunjwa juu ya kiwiko. Muuguzi alitoka akamwambia mama yuko salama, damu haihitajiki. Baba alikaa kidogo. Kisha aliukunjua mkono wa shati, akafunga kifungo, akauliza wodi ya wanawake iko upande gani, na akaondoka kwa upande wa pili.